Muhuri wa Nne

Katika chuo kile hapakuwa na saa moja. Kila jengo lilikuwa na saa yake, na kila saa ilisema kweli. Jengo la Tiba lilikaa ndani ya sasa hivi: damu inayotoka, homa inayopanda, mtoto anayelia. Jengo la Jana, walikofundisha historia na lugha, lilikuwa nyuma, na aliyeingia humo alipungua umri, sauti ikawa nyembamba, viganja vikalainika. Jengo la Kesho, walikopima hatari zitakazoufika mji, lilikuwa mbele, na aliyeingia humo alizeeka pale pale mlangoni. Wageni walihangaika siku mbili tatu, kisha wakazoea. Binadamu huzoea. Pengine hilo ndilo lililopaswa kufanyiwa utafiti kabla ya mengine yote, lakini hakuna idara iliyolitaka.

Mwatime alikuwa amefundisha historia katika Jengo la Jana kwa miaka ishirini na tisa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na sita, mrefu, mchache wa maneno, hajazaa, na watu walishachoka kumuuliza. Asubuhi hiyo alitoka nyumbani na muhuri wa mpira ndani ya mkoba, mdogo kama kizibo cha chupa, lakini mkoba ulimvuta bega kama aliyebeba jiwe la kusagia. Kamati ya Maadili ilikuwa ikutane saa sita mchana. Mihuri mitatu ilishagongwa. Wa kwake ulikuwa wa nne, na bila wa nne hakuna jambo lililopita.

Alipofika mbele ya Jengo la Tiba alimkuta mwanamke ameketi ukutani, miguu ameikusanya, mikononi ana kitambaa cha bluu anachopinda pindo kwa sindano. Hakuwahi kukutana naye, ila alimjua. Jina lake lilikuwa kwenye jalada alilolisoma wiki nzima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye Mashavu."

"Ndiye mimi." Sindano haikusimama. "Nimeambiwa nisizungumze na wajumbe. Kwa hiyo sizungumzi. Nakusalimia tu."

"Salamu si kosa."

"Hata hilo siku hizi mtu anauliza kwanza." Akakata uzi kwa meno. "Hizi ni sare za shule, Mwalimu. Watoto wa watu. Kila Januari nashona sare mia mbili, najua kiuno cha kila mtoto wa mtaa wetu. Nilitaka siku moja nishone moja nisiyolipwa. Basi. Nimeshazungumza. Nenda."

Mwatime akapita. Jibu lolote ambalo angelitoa lingekuwa ahadi, naye hakuwa na ahadi ya kutoa.

Jambo lenyewe, ukiliondolea maneno makubwa, lilikuwa hivi. Miaka mitatu nyuma Mashavu na mumewe, Faki, walikuja kuomba msaada wa kupata mtoto. Madaktari walichukua mbegu za wote wawili wakaziunganisha nje ya mwili, vikapatikana viinitete vinne. Viwili vilipandikizwa vikatoka. Cha tatu kiliharibika. Cha nne kiliwekwa kwenye barafu kungoja nguvu za mama zirudi, na katika kungoja huko Faki akafa kwa homa ya ini. Kikabaki kile kimoja, kidogo kuliko punje ya chumvi, ndani ya tangi. Baba yake yuko kaburini, mama yake yuko ukutani na sindano, na chenyewe hakijaamuliwa kama ni mtu au ni kitu.

Hapo ndipo Jengo la Kesho lilipoleta dirisha lake. Lilikuwa dirisha linaloweza kutazama kiinitete na kuonyesha siku moja katika maisha yake, siku ile iliyo nzito kuliko zote. Wakaandika Kanuni ya Tahadhari: kiinitete kitakachoonekana kwenye dirisha kikiuletea mji maafa, kitolewe barafuni kiachwe mezani mpaka kiyeyuke. Cha Mashavu kilikuwa cha kwanza kutazamwa, na walichokiona kiliwatisha. Kanuni ikipita kwa hiki, ingepita kwa vyote.

Nani ana haki ya kumwogopa mtu asiyekuwepo? Mwatime alikuwa ameliandika swali hilo pembeni mwa jalada, akalifuta, akaliandika tena. Tunaogopa walio hai kwa sababu wanaweza kutupiga. Tunaogopa wafu kwa sababu wanaweza kutudai. Huyu hana mkono wala kaburi, na bado watu wazima wenye shahada tatu tatu wamemkalia kikao.

Aliingia Jengo la Tiba. Hapo umri wake haukubadilika. Ndilo jengo pekee ambamo mtu alikuwa kama alivyo, na ndiyo maana wengi hawakupenda kukaa humo sana. Daktari Sikujua, mwanamke mnene mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alimpeleka hadi chumba cha matangi. Akafungua mfuniko mmoja. Moshi mweupe ukapanda, ukamwagika kando, ukatambaa sakafuni hadi miguuni mwao.

"Yumo humo?" Mwatime aliuliza.

"Kimo humo. Au yumo. Mimi husema kimo, kazi isinishinde."

"Kina ugonjwa?"

"Hakina. Nimekipima mara tatu. Kikipata tumbo kitashika."

"Sasa mbona uligonga muhuri?"

Daktari Sikujua alirudisha mfuniko, akaufuta ukingo wake kwa kitambaa ingawa haukuwa na vumbi. "Fomu niliyoletewa iliuliza swali moja, Bi Mwatime. Je, utazamaji wa dirisha unakidhuru kiinitete? Nikaandika haukidhuru. Nikagonga. Kesho yake nikaambiwa Tiba imekubali."

"Hukupinga?"

"Nilipinga. Wakanionyesha muhuri wangu." Akavua glavu, kidole kimoja kimoja. "Miaka ishirini nazalisha. Nimewapokea watoto wa wezi na wa mashehe. Wote hutoka na kichwa kile kile chenye utelezi. Sijui kusoma matendo mwilini, na sijaona aliyejua. Lakini Profesa Kombo ameona kitu. Nenda ukakione nawe kabla hujanilaumu."

Profesa Kombo Mgwali alikuwa akimngoja mlangoni mwa Jengo la Kesho. Mwatime alivuka kizingiti na magoti yakamwambia umri mpya: themanini na sita au zaidi. Mgongo ulijikunja. Alipoutazama mkono wake ulioshika fremu ya mlango aliona mishipa imepanda juu kama mizizi inayotafuta maji.

"Pole," Kombo alisema, akampa mkono. Watu walisema ana miaka arobaini na tisa. Humo ndani alikuwa mzee aliyekauka, nyusi nyeupe, na kwa kuwa alishinda humo kutwa, hata alipotoka nje uzee haukumtoka wote. "Taratibu. Mimi mwenyewe sijazoea."

Walipita katika ukumbi wenye meza nyingi na watu wachache, wote wakongwe, wameinamia karatasi. Hakuna aliyeinua kichwa. Mwishoni palikuwa na chumba chenye kiti kimoja na dirisha moja, na nyuma ya dirisha palikuwa na soko.

"Nataka ujue jambo moja kabla hujakaa," Kombo alisema. "Watu hunong'ona kwamba nafanya haya kwa sababu ya Athumani."

Mwatime alijua habari za Athumani. Nani asiyejua? Mtoto wa pekee wa profesa, miaka kumi na tisa, alikwenda sokoni siku ya ghasia kununua betri ya redio, jiwe likampata sikioni.

"Ni kweli," Kombo alisema. "Nafanya kwa sababu yake. Sioni aibu. Kila mtu aliyewahi kutengeneza dawa ana mgonjwa wake aliyemfia. Kaa."

Akakaa. Soko lilikuwa linawaka. Moto ulipanda kwenye mapaa ya mabati, mabati yakajikunja kama karatasi. Watu walikimbia huku na huku bila sauti, kwani dirisha lilionyesha tu, halikusikizisha. Kando ya barabara watu walikuwa wamelazwa, wamefunikwa kanga.

"Thelathini na mmoja," Kombo alisema taratibu. "Nimewahesabu kila siku kwa miezi minne. Nilitumaini siku moja watapungua."

Na katikati, juu ya meza ya kuuzia nyanya, alisimama mwanamke wa miaka thelathini hivi. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu. Alikuwa na paji pana la Mashavu na ule ukavu wa shingo ambao Mwatime aliukumbuka kwenye picha ya Faki iliyobanwa ndani ya jalada. Alikuwa anapaza sauti. Umati wote ulio mbele yake ulikuwa umemwelekea.

Basi huyu ndiye, Mwatime aliwaza, na akashika ukingo wa kiti. Alikuwa amekuja akitumaini kuona ukungu, kitu cha kubishia. Hakikuwa ukungu. Alikuwa mtu, amevaa gauni la maua, kamba moja ya kiatu imefunguka, na nyuma yake mji ulikuwa unaungua.

"Anasema nini?" aliuliza.

"Hatujui. Dirisha halina sauti. Lakini inahitaji sauti? Tazama moto. Tazama mkono."

Mwatime hakutazama mkono. Alitazama mdomo. Mama yake alikuwa kiziwi tangu utotoni, na nyumbani kwao watu walizungumza kwa midomo mitupu, bila kutoa sauti, usiku na mchana. Kabla hajajua kusoma maandishi alijua kusoma midomo. Akasogeza kiti mpaka pua ikagusa kioo. Yule mwanamke alirudia neno moja, lile lile, mara tatu, mara nne. Midomo iliviringika mbele. Ikafumba. Ikafunguka na kutanuka.

"Unasoma?" Kombo alimwinamia. Pumzi yake ilikuwa ya haraka. "Unasoma midomo, Bi Mwatime? Anasema nini?"

Alinyanyuka kwa shida, mkono kiunoni. "Nitasema kikaoni."

"Niambie sasa. Nimekaa hapa miezi minne!"

"Nitasema mbele ya wote, Profesa. Na wewe ukiwepo."

Alitoka. Uwanjani jua lilikuwa limepanda, ilikuwa saa tano na robo, na umri wake ukamrudia kama nguo aliyotupiwa kwa mbali. Alikuwa na dakika arobaini na tano. Hakwenda kikaoni moja kwa moja. Alikwenda kwake, Jengo la Jana, kwa sababu neno aliloliona mdomoni mwa yule mwanamke alikuwa amewahi kuliona mahali pengine.

Alipovuka kizingiti alipungua. Mkoba ukawa mkubwa, ukamburuta. Alikuwa na miaka saba, na ukumbi wa mihadhara ulikuwa ua wa nyumba yao, na mama yake alikuwa amekaa kibarazani na pakacha la barua magotini. Nje ya ua basi lilikuwa linanguruma. Baba yake alikuwa ndani ya basi, dirishani, anaondoka kwenda kazini nchi ya mbali, na barua zile alikuwa amemwandikia mkewe yeye mwenyewe, moja kwa kila mwezi atakaokuwa mbali. Alizionyesha kwa kidole. Akasema neno, safari hii kwa sauti.

Mwatime mdogo alilisikia. Baba alisema, "Soma!" Mama aliona midomo inaviringika, inafumba, inafunguka. Akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimtoka. Basi likaondoka. Mama akaingia jikoni akazitia barua zote motoni, moja moja, kwa utii, maana aliona mumewe amemwambia, "Choma!" Baba hakurudi. Na mtoto alisimama mlangoni akitazama, amesikia, anajua, asiseme kitu. Alidhani watu wazima hujua wanalolifanya.

Alikuwa ameshaingia katika jana hiyo mara nyingi. Kila mara alijaribu kupiga kelele, na kila mara koo la miaka saba lilikataa. Safari hii hakujaribu. Alimwendea mama yake, akaketi karibu naye mbele ya moto, akauweka mkono wake kwenye goti lililofunikwa leso. Walikaa hivyo hadi karatasi zikawa majivu. Kisha akainuka. Soma. Choma. Koma. Mdomo ni mmoja. Alikuwa amefundisha miaka ishirini na tisa kwamba historia ni shahidi, na hakuwahi kuwaambia wanafunzi wake kwamba shahidi huyo ni kiziwi.

Chumba cha kikao kilikuwa nje ya majengo yote, na hakikuwa na saa ukutani. Mwenyekiti, Bi Zamda, mwanamke mzee mwenye miwani mizito aliyewahi kuwa hakimu, alikuwa ameshakaa. Kombo alikuwa amekaa kuume kwake, Sikujua kushoto. Karatasi ya Kanuni ilikuwa katikati ya meza na mihuri mitatu ya zambarau, na nafasi nyeupe chini yake.

"Bi Mwatime," mwenyekiti alisema, "tumekungoja."

"Nimechelewa dakika mbili. Naomba radhi."

"Umeliona dirisha?"

"Nimeliona. Moto upo. Maiti wapo, thelathini na mmoja, nami nimewahesabu. Profesa Kombo hakuongeza wala hakupunguza."

Kombo alifumba macho, kama mtu aliyepakwa dawa baridi juu ya kidonda.

"Na yule mwanamke?"

"Ni mtoto wa Mashavu, sina shaka. Anatoa amri. Nimeisoma midomoni mwake." "Anasema chomeni."

Daktari Sikujua alishusha kichwa. Kombo alipiga meza kwa kiganja, mara moja, si kwa furaha.

"Sijamaliza," Mwatime alisema. "Anasema chomeni. Au anasema someni. Au anasema komeni. Mdomo hauwezi kuyatenganisha maneno hayo matatu, na mimi nimelelewa na midomo. Nitazameni." Akasimama, akayatamka yote matatu bila sauti, polepole, uso wake ukiwaelekea. "Nimeanza na lipi?"

Bi Zamda alivua miwani, akaivaa tena.

"Rudia," alisema.

Akarudia, kwa mpangilio mwingine. Sikujua alitikisa kichwa kwamba haoni tofauti.

"Mchezo wa maneno!" Kombo alisema, na sauti yake ikapasuka. "Mji unaungua nyuma yake! Katika moto ule unadhani anawaambia watu wasome?"

"Pengine hawaambii wasome. Pengine anawaambia wakome. Pengine kweli anasema chomeni, Profesa. Ukiniapisha, nitakuambia naogopa kwamba ndilo lenyewe. Sikuja hapa kumtakasa."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kusema kwamba sijui. Na kwamba ninyi pia hamjui."

"Kutokujua!" Alikuwa amesimama sasa. "Mwanangu alikufa kwa kutokujua. Watu walijua kuna mtu atawachochea, walijua jina lake, wakasema tungoje, hatuna hakika. Sasa mimi nina dirisha. Nina dirisha, Bi Mwatime, na wewe unaniletea irabu na konsonanti."

Mwatime alimtazama mtu huyu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alitamani kugonga ule muhuri, si kwa sababu ulikuwa haki, ila ili mtu huyu apate kulala. Huenda sheria nyingi zimezaliwa hivyo, aliwaza: mtu mwema alimhurumia mtu mwenye uchungu.

"Kaka yangu Kombo," alisema, akiacha cheo, "jiwe lililomuua Athumani lilirushwa na mtu aliyekuwepo. Alikuwa na mkono. Alikuwa na nafasi ya kutorusha. Huyu wa ndani ya tangi bado anayo nafasi hiyo. Tukimyeyusha leo, tutakuwa tumemwadhibu kabla hajakataa. Siwezi."

Mwenyekiti alivuta karatasi nyingine kutoka kwenye jalada, ya manjano, iliyokunjwa mara nne. "Unaijua hii?"

"Naijua."

"Nitaisoma hata hivyo. Mjumbe akinyima muhuri wake, na hatari ikawa imeonekana na mashahidi, basi mjumbe huyo atakuwa mdhamini wa mtu huyo maisha yote. Akitenda, na mdhamini atahukumiwa pamoja naye, awe hai au awe kaburini, na jina lake litaandikwa mahali pa aibu. Una miaka mingapi, Bi Mwatime?"

"Hamsini na sita. Siku ile ya moto nitakuwa na themanini na kitu. Magoti yangu yameshanieleza."

"Huna undugu wa damu na mtoto huyu."

"Sina."

"Unaweza kugonga tu ukaenda zako."

Mwatime alifungua mkoba. Kombo alimtazama, Sikujua akamtazama. Alitoa muhuri, akaupigapiga kwenye kidau cha wino, akaivuta ile karatasi ya manjano, akaugonga hapo. Wino ulitapakaa, herufi ya kwanza ya jina lake ikawa doa.

"Kanuni haikupita," Bi Zamda alisema. Alisema bila kufurahi wala kusikitika, kama mtu anayetaja saa.

Mashavu hakuwa tena ukutani. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, juani, sare amezikumbatia kifuani. Alipomwona Mwatime akija hakumkimbilia.

"Wamekataa," alisema.

"Wamekubali. Daktari anaweza kukupandikiza leo hii ukitaka."

Mashavu aliinama, akashika magoti, akapumua kama aliyetua mzigo wa kuni. Kisha akainuka akauona uso wa mwenzake. "Kuna jingine."

Ingekuwa rahisi kusema hakuna. Mwatime alijua wema wa aina hiyo; alikuwa ameufanya mlangoni mwa jiko akiwa na miaka saba. Akamweleza yote: soko, moto, watu waliofunikwa kanga, gauni la maua, kamba ya kiatu, neno lenye sura tatu. Hakuficha ni lipi analoliogopa.

Mashavu alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ukawa mweusi kwa hasira.

"Kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu tumbo ni lako. Kamati haiwezi kukuamulia, na mimi pia siwezi, kwa kukunyamazia."

"Ungeninyamazia!" Akamgeuzia kisogo, akaenda zake, kanda mbili zikimpiga visigino, akatoka lango la chuo.

Mwatime akabaki. Daktari Sikujua alitoka akasema kifaa kiko tayari na kwamba kiinitete kikikaa sana nje ya barafu hakitafaa. Kabla ya kuanza lazima ajue kama Mashavu anarudi. Ikawa saa nane. Ikawa saa tisa kasoro. Mwatime alijiambia kwamba amemdhamini mtu ambaye hatakuwepo, na akashangaa kukuta hilo halimpi nafuu hata kidogo.

Saa tisa na dakika kumi Mashavu alirudi. Alikuwa ameoga, amebadili kanga. Alipita mbele ya Mwatime, akavua kanda mbili mlangoni, ndipo akageuka.

"Nimekwenda kaburini kwa Faki. Nikamweleza. Hakunijibu, lakini nilipokuwa namweleza nilijisikia mwenyewe." Alizungumza polepole. "Wewe, Mwalimu, umeona atakachosema. Hukuona alichofanyiwa. Mtu hapandi juu ya meza ya nyanya bure. Mimi ndiye nitakayekuwa naye miaka hiyo yote kabla ya meza. Dirisha lenu halikuitazama hata siku moja ya hiyo."

"Halikuitazama."

"Basi. Daktari yuko wapi?"

Kazi ilichukua dakika kumi na mbili. Mwatime aliombwa aingie, kwa kuwa mume hayupo na sheria ya chumba ilitaka awepo mtu wa upande wa mama. Alishika mkono wa Mashavu, mkono mgumu wenye alama za sindano kwenye kila ncha ya kidole. Daktari aliinua mrija mwembamba kwenye mwanga, akaupeleka taratibu, akasema, "Usikohoe," na Mashavu hakukohoa.

Siku ya kumi na nne, asubuhi, Mwatime alikuwa kwenye benchi nje ya maabara. Mashavu alikuwa ndani. Mtu akaja kutoka upande wa bustani akasimama mbele yake. Ilimchukua kitambo kumtambua, kwani hakuwahi kumwona Profesa Kombo Mgwali akiwa mbali na jengo lake kwa muda mrefu kiasi hicho: nyusi zilikuwa nyeusi.

"Nimeomba likizo," alisema. "Wiki mbili. Sijaingia kule." Akatazama mlango. "Imeshika?"

"Imeshika. Wametuambia robo saa iliyopita."

Akakaa benchini, mwisho kabisa, akaacha nafasi ya watu wawili kati yao. Mikono aliipachika katikati ya magoti. Walisikia Mashavu ndani akicheka, akimuuliza daktari kama anaruhusiwa kuendesha cherehani ya miguu.

"Akifika umri wa kuanza shule," Kombo alisema bila kugeuka, "mleteni kwangu. Nitamfundisha hesabu. Athumani nilimfundisha mwenyewe, alikuwa na akili ya hesabu."

Mwatime alimtazama shavuni, akijaribu kujua kama ni mwalimu anayeomba mwanafunzi au ni mlinzi anayeomba lindo. Aliona mshipa mmoja unapiga. Zaidi ya hapo hakuweza kusoma.

"Mama yake ndiye wa kuombwa," alisema. "Yuko ndani. Mngoje umuulize."

Kombo akaitikia kwa kichwa, akavuta miguu yake ili watu wapite, akangoja.